Picha ya Kifua Kabla ya Kisu

Siku nilipolazwa ili nipasuliwe ngiri, niliingia wodini na vitu vitatu: shuka, kikapu cha matunda alichonifungia mke wangu, na bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya kifua changu. Hiyo bahasha ndiyo niliyoishika kwa heshima kuliko vyote. Nilikuwa nimeambiwa wiki mbili kabla kwamba bila picha ya eksirei hakuna kupasuliwa, nami nikaipiga, nikailipia shilingi 25,000, nikasafiri nayo kwa basi nikiwa nimeipakata mapajani isije ikakunjika. Muuguzi aliipokea, akaiegemeza kwenye kabati dogo la kando ya kitanda, na hapo ikakaa. Ilikaa siku ile, ikalala usiku wake, na asubuhi bado ilikuwapo nilipovuliwa nguo zangu na kuvikwa lile gauni la kijani linaloacha mgongo wazi. Niliporudishwa kutoka chumba cha upasuaji, kiuno kikiwa kimekufa ganzi kwa sindano ya mgongoni, bahasha ilikuwa pale pale, na gundi aliyoibandika kijana wa eksirei ilikuwa haijabanduliwa.

Nilifanya kazi ya ualimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Daftari ambalo halikusahihishwa nalijua hata likiwa limefungwa. Kwa hiyo daktari alipopita kunijulia hali jioni, kijana mwenye adabu ambaye baba yake alipita mikononi mwangu darasani, nilimwonyesha bahasha kwa kidevu.

“Mbona hii hamkuifungua?”

Akacheka kidogo, si kwa dharau. “Mwalimu, kifua chako nilikisikiliza mwenyewe. Tena ulinieleza kwamba kile kilima cha shambani kwako unakipanda bila kupumzika. Picha ni utaratibu tu.”

Utaratibu tu. Ni maneno mawili, nami nimeyatafuna kwa muda mrefu tangu kidonda kipone. Sina ugomvi na kijana yule, maana alinishona vizuri na leo natembea. Ugomvi wangu ni na hilo neno, ambalo limepewa mamlaka ya kumtoa mtu fedha mfukoni na kumrudisha nyumbani bila tiba, na likiulizwa sababu linajibu kwa kujitaja lenyewe.

Chuoni, tulipokuwa tukijifunza namna ya kutunga mitihani, mkufunzi wetu alitufundisha jambo ambalo sikulisahau. Alisema kwamba kabla ya kuandika swali mwalimu ajiulize atafanya nini mwanafunzi akilipata, na atafanya nini akilikosa. Kama atafanya jambo lile lile katika hali zote mbili, basi swali hilo ni la kupoteza karatasi. Swali ambalo darasa zima hulipata halimwonyeshi mwalimu nani ameelewa. Nimekuja kugundua uzeeni kwamba madaktari nao wana kanuni hiyo hiyo kuhusu vipimo, tena wameiandika vizuri kuliko sisi. Kipimo kizuri ni kile ambacho jibu lake linaweza kubadilisha kitakachofanyika. Hebu basi tuipime picha ya kifua kwa kanuni hiyo yao wenyewe.

Lakini kwanza tuitendee haki, kwa kuwa desturi hii haikuzuka kwa upumbavu. Wilhelm Röntgen, mwanafizikia wa Ujerumani, aligundua miale ya eksirei mwezi Novemba 1895 katika mji wa Würzburg, na mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Kwa mara ya kwanza mtu aliye hai aliweza kutazamwa ndani bila kukatwa. Wakati huo kifua kikuu kilikuwa kikiua watu wengi sana Ulaya na kwingineko, na dawa hazikuwapo hata miaka ya 1940. Mwaka 1936 daktari wa Brazili, Manuel de Abreu, alibuni namna ya kupiga picha ndogo za kifua kwa bei nafuu, na magari ya eksirei yakaanza kuzunguka viwandani na shuleni. Katika nyakati hizo, mtu aliyeingia hospitali kwa sababu yoyote aliweza kweli kuwa na ugonjwa mapafuni asioujua, na kumpa dawa ya usingizi mtu wa namna hiyo, kwa vifaa vya siku zile, lilikuwa jambo la hatari. Picha ilikuwa na kazi.

Kisha dawa zikaja, na katika nchi tajiri ugonjwa ukapungua. Mwaka 1974 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ikashauri kwamba ule upigaji picha wa watu wote bila kuchagua uachwe. Magari yale yakaegeshwa, lakini ndani ya hospitali picha ya kabla ya upasuaji ilibaki, kama vile kengele ya shule inavyoendelea kugongwa wakati wa likizo kwa sababu hakuna aliyemwambia mlinzi aache.

Waliokuja kuuliza swali walikuwa ni Waingereza. Chuo chao cha Kifalme cha Wataalamu wa Mionzi kilifuatilia wagonjwa 10,619 katika vituo vinane, watu waliokuja kwa upasuaji wa kupangwa usiohusu moyo wala mapafu, na mwaka 1979 kikachapisha matokeo. Jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba kituo kimoja kiliwapiga picha wagonjwa 11.5 katika kila mia, na kingine 54.2 katika kila mia. Mimi nilipoisoma tofauti hiyo nilisimama. Kama shule moja inachapa watoto kumi na mmoja katika mia na shule ya pili inachapa hamsini na wanne, mkaguzi hahitaji kuwauliza watoto wamefanya nini. Aende akawaulize walimu. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi: hawakupata ushahidi kwamba picha zilibadilisha uamuzi wa kupasua au uchaguzi wa dawa ya usingizi.

Mwaka 1993 watafiti wa Kanada wakakusanya tafiti zilizokuwa zimefanyika hadi hapo na kuzijumlisha. Picha za kifua zilizopigwa kwa utaratibu zilikuwa 14,390. Zilizoonyesha kasoro ya aina fulani zilikuwa 1,444, yaani moja katika kumi, na mtu akiishia hapo atasema, naam, picha inafaa. Lakini wakauliza: ni ngapi kati ya hizo zilizoonyesha kitu ambacho hakikuwa kinajulikana, na ambacho kisingejulikana kwa kumwuliza mgonjwa na kumpima kwa mikono na masikio? Zikabaki 140. Na kati ya hizo, ni ngapi zilizofanya madaktari wabadilishe walichokuwa wamepanga kufanya? Kumi na nne.

Ninaomba msomaji asiipite namba hiyo haraka. Kumi na nne katika 14,390 ni moja katika kila elfu moja na ishirini na ushei. Kwa bei niliyolipa mimi, ili kumpata mtu mmoja ambaye mpango wake utabadilika, tutatumia zaidi ya shilingi milioni 25, na fedha hizo zitatoka kwa watu elfu moja ambao picha haitawabadilishia lolote. Tena kubadilishiwa mpango si lazima kuwe ni kuokolewa. Mtu anaweza kubadilishiwa mpango akaahirishwa bure.

Ni namba ile ya katikati, hata hivyo, inayonifurahisha mimi kama mwalimu. Toa 140 katika 1,444, na zinazobaki ni 1,304. Kasoro zote hizo zilikuwa zimekwisha kujulikana au zingejulikana kwa maswali. Unakohoa? Tangu lini? Unalala chali au lazima uegemee mito? Ukipanda ngazi unahema? Miguu hukuvimba jioni? Uliwahi kutibiwa kifua kikuu? Unavuta sigara? Dakika kumi za maswali, na masikio mawili juu ya mgongo wa mgonjwa. Daktari yule kijana alikuwa amefanya kazi hiyo kwangu, na aliifanya vizuri. Kilima changu kilimpa jibu kabla ya mashine. Utaratibu ulichofanya ni kumlipisha mzee fedha ili kuithibitisha kazi ambayo kijana alikuwa ameimaliza, kisha hata uthibitisho wenyewe usisomwe.

Sitatumia hoja ya kuogopesha watu kwa mionzi, ingawa nimeisikia ikitumiwa. Picha moja ya kifua hutoa mionzi kidogo mno, sawa na ile ambayo mtu yeyote huipata katika siku chache kutoka ardhini na angani. Anayekataa eksirei kwa hofu ya mionzi hali anayo nimonia, huyo anajidhuru. Madhara yenyewe yako kwingine, katika kile kinachoitwa kivuli.

Watu wa umri wangu tumekwisha pita katika mengi, na vifua vyetu vina kumbukumbu. Kuna makovu ya magonjwa ya utotoni, kuna ubavu uliovunjika kwa kuanguka kutoka juu ya mwembe, kuna chembe ya chokaa mahali ambapo mwili ulipigana na kifua kikuu ukashinda bila mwenyewe kujua. Picha huonyesha vyote hivyo kwa rangi moja. Mpiga picha huandika: kivuli, achunguzwe zaidi. Hapo mgonjwa wa ngiri anageuka kuwa mgonjwa wa kivuli. Anatumwa mji mwingine kupigwa picha kubwa zaidi, anapimwa makohozi, anasubiri majibu, na nyumbani watu wanaanza kumtengea kikombe. Mwisho anaambiwa ni kovu la zamani tu. Amerudishwa pale alipokuwa, ngiri yake ikiwa na miezi miwili zaidi na kuku bandani wamepungua.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kuona kwamba wenyewe wenye mashine wamelikubali jambo hili. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa mionzi wa Marekani, American College of Radiology, kiliwashauri wenzao waepuke picha ya kifua ya kulazwa au ya kabla ya upasuaji kwa mtu anayetembea mwenyewe, ambaye historia yake na uchunguzi wa mwili havina tatizo. Hao ni watu ambao picha ndiyo ugali wao. Muuza vitabu akimwambia mzazi kwamba hiki usinunue, mtoto hakihitaji, mzazi na amwamini. Huko Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa vipimo vya kabla ya upasuaji mwaka 2003, na katika ule wa 2016 ikaandika wazi kwamba picha ya kifua isitolewe kwa utaratibu.

Kuna pia kisa cha mtoto wa jicho, ambacho hakihusu eksirei moja kwa moja lakini ni ndugu yake wa damu. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliohusu operesheni za mtoto wa jicho zaidi ya elfu kumi na tisa. Nusu walifanyiwa vipimo vya kawaida vya damu na moyo kabla ya kupasuliwa, na nusu hawakufanyiwa. Nani awe upande gani iliamuliwa kwa kura. Matatizo yalikuwa 31.3 kwa kila operesheni elfu moja kwa waliopimwa. Kwa wasiopimwa yalikuwa 31.3 vile vile. Wazee wengi wa vijijini kwetu wanakaa gizani kwa ajili ya mtoto wa jicho, na ninapofikiria kwamba kuna mahali mmoja wao amerudishwa nyumbani kwa sababu hakuleta karatasi fulani, moyo unaniuma.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi picha ya kifua ni takataka. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu unaojulikana, au anayekohoa, au anayehema akivaa viatu, huyo apigwe picha, na ipigwe kwa sababu yake yeye. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilisema picha huweza kusaidia kwa watu wa namna hiyo, na pia kwa waliopita miaka hamsini wanaopasuliwa sehemu ya juu ya tumbo, au kifua, au mshipa mkubwa wa damu uliovimba tumboni. Nami nimepita hamsini zamani, lakini ngiri yangu ilikuwa kinenani, na kati ya kinena na kifua kuna safari.

Daktari wangu, nilipomrudia kutolewa nyuzi na kumweleza haya yote (masikini, alikuwa na foleni nje), aliniletea hoja mbili ambazo sitaki kuzipita.

Ya kwanza alisema hivi: “Mwalimu, hizo ni habari za Ulaya. Kwetu kifua kikuu bado kipo.” Ni kweli, tena ni kweli kuliko nilivyokuwa nikidhani. Kenya ilifanya uchunguzi wa nchi nzima ulioisha mwaka 2016, na ukaonyesha kwamba watu wengi wenye kifua kikuu hawakuwa na dalili zile za kawaida tunazofundishwa. Ilikuwa ni picha ya eksirei iliyowagundua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali hata picha zisomwe na kompyuta katika kuwatafuta wagonjwa wa kifua kikuu. Kwa hiyo siwezi kuchukua zile picha 14,390 za watu wa nchi nyingine nikazibandika ukutani kwetu kana kwamba mapafu yote ni sawa. Kwetu picha huenda ikavua samaki wengi zaidi.

Lakini nikamwuliza: je, tunavua kweli? Anayetafuta kifua kikuu hutafuta makusudi. Huwaendea wanaoishi na wagonjwa, waliomo magerezani na migodini, wenye virusi vya UKIMWI. Humpiga picha kila mmoja bila kumdai. Picha husomwa siku ile ile. Mwenye kivuli hutoa makohozi. Mwenye ugonjwa huanza dawa. Huo ni mpango. Kumlipisha mtu wa ngiri shilingi 25,000 halafu bahasha yake ikaegemezwa kwenye kabati, huko hakuwezi kuitwa kutafuta kifua kikuu. Kama nia ni hiyo, basi waweke eksirei ya bure mlangoni na mtu wa kuisoma, nami nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hapo Mwalimu umenibana.” Sikusudii kujisifu, ila mwalimu mstaafu hafurahishwi na mambo mengi.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba picha ya kabla husaidia kulinganisha, endapo mgonjwa atapata tatizo la mapafu baada ya kupasuliwa. Hoja hii ina uzito kidogo. Lakini wanaoelekea kupata tatizo hilo ndio hao hao ambao maswali huwabainisha mapema, wavutaji sigara, wenye pumu ya muda mrefu, wanaokatwa tumbo la juu. Kuwapiga picha watu elfu ili kulinganisha za watatu ni sawa na kumwandikia kila mtoto barua ya uhamisho siku anapoandikishwa, eti huenda akahama.

Yote haya ningeyaacha yawe mazungumzo ya wazee kibarazani, kama si jirani yangu.

Ni mkulima, mtu wa rika langu. Alikuwa na ngiri kama yangu, ila yake ilikuwa ya miaka mingi, amejizoesha kuirudisha ndani kwa kiganja kila anapoinuka. Watoto wake walipomshawishi hatimaye akaenda hospitali, akapokelewa vizuri, akapewa tarehe na karatasi yenye orodha. Damu, mkojo, ndugu wa kumwekea damu, picha ya kifua. Yote aliyapata hapo hapo isipokuwa la mwisho. Mashine ya eksirei ilikuwa mbovu na fundi alikuwa anasubiriwa. Akaambiwa aende mjini akapige kwa mtu binafsi, kisha arudi.

Kwa mwenye gari, kwenda mjini ni asubuhi moja. Kwa jirani yangu ilikuwa ni nauli ya kwenda na kurudi, tena ya watu wawili kwa sababu hasafiri peke yake, na chakula cha wawili, na mahali pa kulala kama basi la mwisho limeondoka, na juu ya yote bei ya picha. Ilikuwa ni wakati wa palizi. Akasema atakwenda baada ya kuvuna. Alikuwa hakohoi. Alikuwa hajawahi kulazwa maisha yake yote. Alikuwa akibeba gunia.

Tarehe yake ya upasuaji ikapita. Usiku mmoja, wiki kadhaa baadaye, ngiri ilitoka ikakataa kurudi. Tulimsikia akilia, na si mtu wa kulia. Utumbo ulikuwa umenaswa. Tulimpakia kwenye pikapu ya mwenye duka, akafikishwa hospitali ile ile saa nane za usiku, na madaktari, kwa sifa yao, wakampasua kabla ya alfajiri. Walikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimekufa. Alilala wodini siku kumi na moja. Yu hai, namshukuru Mungu. Lakini jembe amewaachia wanawe, na amekonda hata kofia yake inamshuka masikioni.

Usiku ule hakuna aliyemwuliza habari ya picha. Mashine bado ilikuwa mbovu. Kifua kile kile ambacho mwezi uliopita kisingeweza kupewa dawa ya usingizi bila kupigwa picha, usiku huo kilipewa nusukaputi kamili, katika mwili uliokuwa umetapika na kukaukiwa maji, na kikastahimili.

Najua jibu la kitaalamu, na nimelipokea: wakati wa dharura hatari ya kungoja ni kubwa kuliko hatari ya kutojua. Ni jibu sahihi. Lakini linakiri kwamba kungoja nako ni hatari, na hatari hiyo haikuandikwa mahali popote kwenye ile karatasi ya orodha. Aliyeitunga alihesabu kitu kimoja tu, uwezekano kwamba picha itaonyesha jambo. Nauli hakuihesabu, wala palizi.

Tena kuna jambo ambalo orodha ya namna hiyo hutufanya tusilione. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofuatilia wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 38 na nusu, vijana hasa, na wengi wao hawakuwa na magonjwa mengine makubwa. Hata hivyo waliofariki walikuwa 2.1 katika kila mia, mara mbili ya wastani wa dunia. Na katika kila vifo mia, 94 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Ndugu msomaji, fikiri maana yake. Mtu amepita kwenye kisu, ameamka, amewasalimu ndugu zake, kisha anafia wodini siku ya tatu au ya tano. Wingi wa matatizo yaliyowapata ulikuwa ni maambukizi. Mtu huyo alihitaji muuguzi wa kumtazama usiku, mtu wa kuhesabu pumzi zake na kugundua kwamba homa imeanza, na daktari wa kuitwa na kuja. Utafiti huo ulikuta kwamba wataalamu wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa pamoja hawakufika hata mmoja kwa kila watu laki moja. Hapo ndipo fedha na juhudi zilipokosekana, huku sisi tukishikilia mlangoni kudai picha.

Kuna mfano bora, na sehemu yake umetoka nyumbani. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuulizana na kuhakikisha katika chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani; moja ilikuwa London, moja Toronto, na moja ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila mia. Nayo ni orodha, na mtu anaweza kuniuliza kwa nini naisifu hii na kuilaumu ile. Tazama yaliyomo. Jina la mgonjwa ni nani? Anapasuliwa wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kimewashwa? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Hata picha zimetajwa humo: je, zile zinazohitajika zimetundikwa zionekane? Zinazohitajika, wamesema. Kila swali hapo likijibiwa vibaya, kuna mtu anayesimamisha mkono. Hilo ni swali ambalo mkufunzi wangu wa chuo angelipitisha.

Yule kijana daktari aliniambia, tulipokuwa tunaagana, kwamba hata yeye hawezi kuifuta picha peke yake kwenye karatasi. Mtaalamu wa usingizi atauliza, na mkubwa wake atauliza, na siku mgonjwa mmoja akipata tatizo ndugu watauliza kwa nini hakupigwa picha. Hakuna ndugu atakayeuliza kwa nini alipigwa. Nilimwelewa. Nami katika ofisi yangu nilikuwa na fomu ambazo kila muhula nilizijaza nakala tatu, nikiwa na hakika kwamba hakuna anayezisoma, na sikuthubutu hata mara moja kuacha. Lakini fomu zangu zilikula wino wa serikali tu. Nilimwomba jambo dogo: mwenye kifua kisichokuwa na neno akikosa picha, tarehe yake isifutwe, wakae yeye na mtu wa usingizi waamue juu ya mtu huyo, kwa jina lake. Alisema atalipeleka kwenye kikao chao cha asubuhi. Sijarudi kumwuliza, na sitaki kumwekea kiti cha moto.

Bahasha yangu nilirudi nayo nyumbani. Ilikaa juu ya kabati mpaka mjukuu wangu wa darasa la tano alipoibandua gundi bila ruhusa, akaichukua ile picha nyeusi na kuishikiza kwenye kioo cha dirisha, jua likapita ndani yake. Alitaka kujua moyo ni upi. Nilimwonyesha. Kisha akauliza babu ana mbavu ngapi, tukaanza kuhesabu kwa kidole, tukapata tisa upande mmoja na kumi upande wa pili, tukaanza upya.